Kamati ya Fedha isitumie korosho ambayo haijatoa ua

Wakati wa msimu, mfanyabiashara yeyote wa Masasi, Newala au Lukuledi anaijua bei ya mnada wa korosho. Atakutajia bei ya juu, bei ya chini, chama cha msingi kilichouza na mnunuzi aliyeondoka mikono mitupu. Lakini mwulize Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ya halmashauri yake ilikaa lini na ilipitisha nini, naye atakutazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini.

Safu hii inaona kwamba kutojua huko kunamgharimu mfanyabiashara fedha nyingi. Bei ya mnada inampa mwenye duka habari za mauzo ya Novemba na Desemba. Maamuzi ya Kamati ya Fedha yanampa habari za Machi, Aprili, Mei na Juni, miezi ambayo wateja wameishiwa na mzunguko wa fedha mjini unategemea kwa sehemu kubwa malipo ya halmashauri kwa makandarasi, mafundi, wazabuni na vibarua. Halmashauri ikikauka miezi hiyo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye nyumba ya wageni na mama lishe wote wanakauka nayo.

Kamati yenyewe

Kwa wasiofahamu, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ndiyo kamati nzito kuliko zote katika halmashauri ya wilaya. Huongozwa na Mwenyekiti wa Halmashauri, Mkurugenzi ndiye Katibu wake, na hukutana kila mwezi, ambapo Baraza zima la Madiwani hukutana kila baada ya miezi mitatu. Kwa halmashauri ya mji jina ni tofauti kidogo, lakini kazi ni ile ile. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa, maombi ya fedha ya idara yanapopimwa, na masuala ya watumishi yanapopita: nani athibitishwe kazini, nani apandishwe daraja, nani apewe onyo, nafasi gani ya mkataba ijazwe na kwa fedha ipi.

Jambo likishapita katika kamati hiyo, mara nyingi linapofika kwenye Baraza la Madiwani huwa limekwisha iva. Mwenye duka anayesubiri kulisikia barazani anakuta chungu kimeshaepuliwa.

Hesabu ya ushuru

Katika wilaya hizi kuna mti mmoja unaolisha kila mtu, nao ni mkorosho. Zamani halmashauri zilikuwa na vyanzo vingi vya kuokoteza. Kodi ya maendeleo, ambayo watu wazima wengi wanaikumbuka kwa kukimbizana na mgambo, ilifutwa mwaka 2003 pamoja na rundo la ushuru mwingine uliohesabiwa kuwa kero. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 kwa Sh. 20,000 viliwaondolea wachuuzi ushuru mdogo mdogo wa sokoni. Baadhi ya hatua hizo safu hii ingezipigia makofi. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba halmashauri ya wilaya inayolima korosho imebaki ikiegemea zaidi nguzo moja: ushuru wa mazao.

Ushuru huo nao ulipunguzwa mwaka 2017, kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Kisheria mlipaji ni mnunuzi. Lakini kila mnunuzi huuhesabu kabla ya kuandika bei yake kwenye karatasi ya mnada, kwa hiyo mkulima naye anauchangia, apende asipende.

Tuchukue mfano rahisi. Halmashauri moja inauza tani 20,000 kwa bei ya Sh. 4,000 kwa kilo. Thamani ni Sh. bilioni 80, na ushuru wa asilimia 3 ni Sh. bilioni 2.4. Mwaka unaofuata bei inashuka hadi Sh. 2,500, na mvua au ubwiriunga unapunguza mavuno hadi tani 15,000. Thamani sasa ni Sh. bilioni 37.5, na ushuru ni Sh. milioni 1,125. Mavuno yamepungua kwa robo tu, bei haijafika nusu kwa kushuka, lakini mapato ya halmashauri yamepungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna mfanyabiashara wa gunia mia asiyeielewa hesabu hii. Swali ni kama inaeleweka vizuri mezani kwa Kamati.

Na hapo ndipo penye tatizo la kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Makisio ya mwaka unaofuata hujadiliwa na kamati na kupitishwa na Baraza katika miezi ya kwanza ya mwaka. Mkorosho hutoa maua kuanzia katikati ya mwaka, na minada hufunguliwa kama Oktoba. Maana yake, waheshimiwa madiwani wanaidhinisha matumizi ya ushuru wa korosho ambayo wakati huo haipo hata kwenye ua. Mkulima anayekopa kwa dhamana ya ua tunamwita mzembe. Halmashauri inayofanya hivyo kabla ya ua tunasema imepitisha bajeti.

Halmashauri sita, mti mmoja

Miaka ya mwanzo ya 1990 eneo hili lilikuwa na halmashauri mbili za wilaya, Masasi na Newala. Mwaka 1995 Tandahimba ilimegwa kutoka Newala. Katika miaka ya 2000 Nanyumbu ilimegwa kutoka Masasi. Baadaye zikaja Halmashauri za Miji ya Masasi na Newala. Leo kwenye ardhi ile ile kuna halmashauri sita, zenye wenyeviti sita, wakurugenzi sita, kamati za fedha sita na magari ya kuhudumia yote hayo.

Hatusemi mgawanyo huo haukuleta faida. Mtu wa Tandahimba hapandi tena basi kwenda Newala kutafuta muhuri. Lakini kila ofisi mpya inakuja na gharama ambazo hazisubiri msimu: mafuta ya gari, umeme, posho za vikao, matengenezo, walinzi. Gharama hizo zina tabia moja, kwamba zikishaingia hazitoki.

Kwa mfanyabiashara mgawanyo umeleta jambo jingine la kulitazama. Mwenye duka Masasi Mjini analipa leseni na ushuru wa huduma kwa Halmashauri ya Mji. Mteja wake anayeteremka kwenye basi kutoka Lukuledi, kwenye barabara ya Nachingwea, yuko chini ya Halmashauri ya Wilaya, na ushuru wa korosho zake unakwenda huko. Hivyo mfanyabiashara huyu analipa kwa kamati moja, huku mfuko wa mteja wake ukitegemea maamuzi ya kamati nyingine. Anayefuatilia moja tu anasoma nusu ya habari.

Funzo la 2018

Wapo wanaosema msimu mbaya ni bahati mbaya tu, haupangiwi. Historia inawasuta. Taifa lilivuna kiasi cha tani 145,000 msimu wa 1973/74, likaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Msimu wa 2017/18 ulivuka tani 310,000 na bei zikapaa. Mwaka uliofuata ukawa wa mashaka matupu.

Wasomaji wetu wa kusini hawahitaji kukumbushwa sana. Katikati ya 2018 sheria ilibadilishwa, na ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ikirudi kuendeleza zao lenyewe, ukaelekezwa wote Mfuko Mkuu wa Serikali. Oktoba wakulima wakagomea bei za mnada. Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali ingenunua korosho yote kwa Sh. 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaingia kuzibeba. Mavuno ya msimu huo yakashuka hadi kiasi cha tani 225,000. Malipo ya wakulima wengi yalichukua miezi, na halmashauri zilizokuwa zimeandika ushuru wa msimu ule kwenye makisio yao zikajikuta zinasubiri pamoja na wakulima.

Wenye maduka wanajua kilichofuata. Madeni ya dukani hayakulipwa, fundi alikaa bila kazi, na aliyeipatia halmashauri karatasi na matairi kwa mkopo alikwenda kuulizia hundi yake mpaka viatu vikaisha soli.

Siku hizi hali ni nzuri. Tangu msimu wa 2024/25 minada inaendeshwa kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na msimu huo uzalishaji wa taifa ulivuka tani 500,000. Ndiyo maana tunaandika sasa. Mtu hafundishwi kuweka akiba siku aliyofilisika.

Nafasi za kazi

Tuje kwenye maombi ya nafasi, kwani hapo ndipo msimu mzuri unapogeuka mzigo. Watumishi wa kudumu hupatikana kwa kibali cha Serikali kuu, na mishahara ya walio wengi hutoka Hazina. Mkurugenzi naye huteuliwa na Rais, si na madiwani. Linalobaki mikononi mwa Kamati ni kubwa vile vile: kuthibitisha, kupandisha, kutia adabu, na zaidi ya yote kuidhinisha watu wa mikataba na vibarua wanaolipwa kwa mapato ya ndani. Hawa ni wakusanya ushuru, walinzi, madereva, wafagizi wa soko.

Ombi la namna hii huletwa likiwa dogo. Wakusanya ushuru kumi kwa ajili ya msimu, walinzi wanne, dereva mmoja. Nani atakataa ilhali minada inaendelea na fedha zinaonekana? Lakini mkataba wa msimu ukiongezwa mara mbili unakuwa mazoea, na mazoea yana taabu. Ikifika Mei, Halmashauri inamlipa mtu wa kukusanya ushuru ambao hauko, kwa kutumia fedha iliyokuwa imalizie zahanati.

Kuna ubaya wa upande wa pili pia. Taarifa za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mwaka hadi mwaka, kwa halmashauri mbalimbali nchini, kwamba fedha zilikusanywa kwa mashine na hazikufika benki. Mkusanyaji asiyelipwa kwa wakati, asiye na mkataba wa kueleweka na asiyekaguliwa ni sawa na ghala lisilo na kufuli. Kwa hiyo hatuiambii Kamati ikatae kila ombi. Tunashauri kila ombi la nafasi lijibu maswali matatu kabla halijapigiwa kura. Kwanza, mtu huyu atalipwa na chanzo gani mwezi Juni? Pili, kazi hiyo hivi sasa inafanywa na nani? Tatu, ataleta au atalinda shilingi ngapi, na tutajuaje? Ombi linalojibu yote matatu lipite. Lisilojibu lirudi idarani.

Kanuni ya msimu mbaya

Upande wa matumizi tunapendekeza kanuni moja, ambayo tunaiita kanuni ya msimu mbaya. Halmashauri itazame misimu yake mitano iliyopita, ichukue ule wenye ushuru mdogo kuliko yote, na matumizi ya kujirudia yapimwe kwa kipimo hicho. Posho, mafuta, mikataba, safari na viburudisho vya vikao vyote viingie humo. Kinachozidi kipimo hicho katika msimu mzuri kitumike kwa mambo yanayofanywa mara moja na kubaki, au kiwekwe akiba. Wahenga walisema akiba haiozi.

Mambo hayo yanajulikana. Kwanza ni maboma, yaani majengo ya zahanati, madarasa na nyumba za watumishi yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi yakaishia kwenye lenta. Boma lisiloezekwa ni fedha iliyoachwa mvuani, hivyo kumalizia kutangulie kuanzisha. Pili ni masoko na maghala ya vyama vya msingi, kwani korosho iliyolowa inashuka daraja, na daraja likishuka bei na ushuru vinashuka pamoja. Tatu ni barabara za kutoa mazao. Hizi tangu 2017 ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), lakini madiwani bado wana sauti kuhusu ipi ianze, na hakuna sheria inayowazuia kuitumia.

Hata hapo tahadhari ihitajike. Anayeishi juu ya uwanda wa Makonde anajua bei ya maji ya kusukumwa kwa mashine kutoka bondeni. Mradi wa Maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 umefundisha vizazi kwamba bomba kulilaza ni gharama ya siku moja, kusukuma maji ni gharama ya kila siku. Kila jengo lina pampu yake ya namna hiyo. Kamati isipitishe jengo kabla ya kuandikiwa gharama ya kuliendesha.

Watakaopinga

Tunajua yatakayosemwa. Diwani atasema ushuru ni jasho la mkulima, na kwamba mfanyabiashara anayetaka soko liezekwe anavutia kwake. Hoja hiyo ina uzito. Duka halitangulii zahanati, na safu hii haijaomba hivyo. Tunachoomba ni kwamba zahanati isikose bati kwa sababu bati limeliwa kama posho. Mkulima na mwenye duka wako upande mmoja katika jambo hilo.

Wengine watasema Serikali kuu imeshaweka mipaka ya kutosha: sehemu maalumu ya mapato ya ndani iende kwenye miradi ya maendeleo, na asilimia 10 iende kwenye mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni kweli. Lakini asilimia ni asilimia ya kitu. Makisio yakiwa makubwa kuliko msimu, miradi na mikopo ndiyo inayokatwa kwanza, kwani dereva na mlinzi wapo mlangoni wakidai, ilhali boma halidai.

Wako pia watakaosema kama madiwani wanashindwa, basi Serikali iwaondoe. Dawa hiyo ilijaribiwa pengine. Juni 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja ikaendesha mambo hadi mwanzoni mwa 2000. Tume ilisifiwa kwa barabara, takataka na makusanyo. Lakini kwa muda wote huo mlipa ushuru hakuwa na diwani wa kumwuliza. Heri kamati inayoulizwa maswali kuliko tume isiyoulizwa.

La kufanya

Mfanyabiashara afanye nini? Mkutano wa Baraza la Madiwani ni wa wazi. Funga duka saa tatu, nenda ukasikilize, na uliza makabrasha ya mapato na matumizi ya robo mwaka. Vikao vya kamati haviko wazi kwa umma, lakini kamati ina wajumbe, na kila mjumbe ana kata, na kila kata ina wafanyabiashara waliompigia kura. Mabaraza ya Biashara ya Wilaya yapo kwa ajili ya kuwakutanisha watendaji na sekta binafsi. Chemba ya wafanyabiashara nayo ina matawi. Barua moja yenye sahihi arobaini ikifika kabla ya makisio kupitishwa ina uzito kuliko manung'uniko ya mwaka mzima kwenye meza ya kahawa.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kujenga vyumba vya kupanga, kununua Fuso au kufungua kiwanda kidogo cha kubangua korosho, ushauri wetu ni mfupi. Kabla ya kukopa, tafuta mambo mawili: halmashauri yako imekisia ushuru kiasi gani, na msimu uliopita ilikusanya kiasi gani. Kama makisio yamepanda sana bila sababu ya kuonekana shambani, ujue kuna miradi itakayosimama na hundi zitakazochelewa. Punguza mkopo, na usiwape mali kwa ahadi ya Juni.

Na kwa waheshimiwa wa Kamati, tunasema kwa heshima: subirini ua. Pitisheni makisio ya msimu mbaya mwezi Februari, kisha mnada ukifunguliwa na ushuru ukionekana benki, leteni makisio ya nyongeza. Mwananchi wa Lukuledi anasubiri mti wake uzae kabla ya kununua bati. Halmashauri yake nayo inaweza kusubiri.